Kibao cha mbao kwa ruta ya CNC: herufi za kuzama au za kuinuka?

Wengi wanaotaka kuchonga kibao kwa ruta ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, huanza kwa kuuliza wanunue biti (kisu kinachozunguka) gani. Swali la kutangulia ni hili: rangi itafikaje kwenye herufi, na itazuiwaje isiguse pasipotakiwa? Mashine iliyopangwa vizuri haikosei sana. Vibao vingi huharibika vikishatoka mezani, rangi inapopenya kwenye vinyweleo vya mbao au inapobanduka pamoja na stika ya kuziba rangi. Ndiyo sababu hapa mchongo na upakaji vinalinganishwa kwa pamoja: ukichagua kimoja, umeshachagua nusu ya kingine.

Njia kuu ni mbili. Herufi za kuzama huchimbwa ndani ya ubao kwa biti ya V. Herufi za kuinuka hubaki juu, na kinachokombwa ni uwanja unaozizunguka, kwa biti bapa.

Za kuzama: upana wa mstari ndio unaoamua kina

Katika mchongo wa V, kina hakipangwi moja kwa moja. Programu hushusha biti mpaka pande zake ziguse kingo zote mbili za mstari wa herufi. Mstari ukiwa mpana, biti huzama zaidi. Ukiwa mwembamba, hupanda. Kwenye kona hupanda mpaka ncha, na ndiyo maana kona hutoka kali kana kwamba zimemaliziwa kwa patasi. Pembe ya biti ndiyo inayoamua kina kitafika wapi:

| Upana wa mstari | Biti ya digrii 60 | Biti ya digrii 90 | Biti ya digrii 120 |
|---|---|---|---|
| mm 10 | kina mm 8.7 | kina mm 5 | kina mm 2.9 |
| mm 20 | kina mm 17.3 | kina mm 10 | kina mm 5.8 |
| mm 30 | kina mm 26 | kina mm 15 | kina mm 8.7 |

Ukiwa na ubao wa milimita 18, herufi yenye mstari wa milimita 20 itabakiza chini ya milimita moja kwa biti ya digrii 60. Kwa digrii 90 itabakiza 8, nazo zinatosha. Kwa hiyo herufi ndogo, za urefu wa chini ya milimita 25 hivi, zipewe digrii 60, kwa sababu kina hicho huzipa kivuli na kuzifanya zisomeke. Za kati zipewe 90, na kubwa zipewe 120. Kama una 90 tu, weka kikomo cha kina, tuseme milimita 5. Mistari ya chini ya milimita 10 itabaki V kamili, na mipana zaidi itapata sakafu bapa inayosafishwa kwa biti bapa. Hapo utakuwa na biti mbili, na sifuri ya Z (mahali mashine inapoanzia kuhesabu kina) lazima ipimwe upya kwa uangalifu baada ya kubadilisha. Tofauti ya milimita 0.2 kati ya biti hizo huacha ngazi ndogo pale sakafu inapokutana na mteremko, na rangi inayong'aa huionyesha kila mwanga unapoipiga kwa upande.

Udhaifu mkubwa wa V ni ubao usio sawa. Kwa digrii 90, kosa la milimita 0.5 la kina hubadilisha upana wa mstari kwa milimita nzima. Kwa digrii 60, kwa karibu 0.6. Ubao wa sentimita 60 uliojikunja milimita moja tu utatoa herufi nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na hakuna msasa unaoweza kurekebisha hilo. Usawazishe uso kwa biti pana ya kusawazisha, ya milimita 22 au 25, kwa mapito ya nusu milimita, kisha chonga bila kuufungua ubao. Ukiufungua na kuufunga tena, klampu zinaweza kuuvuta na usawa wote ukapotea.

Kosa la pili huonekana kama la mashine, ila ni la data. Biti nyingi za V hazina ncha ya kweli. Zina ubapa wa milimita 0.2 hadi 0.5. Programu ikidhani ncha ni sifuri, herufi zote hutoka nene kuliko mchoro. Pima ncha, iandike kwenye programu, kisha jaribu herufi moja kwenye kipande cha mbao ileile.

Za kuinuka: muda mwingi, masharti machache

Hapa kina unakichagua wewe: milimita 4 hadi 6 kwa kibao cha kusomwa karibu, 8 hadi 10 kwa cha mbali chenye herufi kubwa. Ubao ukijikunja milimita moja, herufi moja itainuka milimita 6 na nyingine 5, na jicho halitaona tofauti hiyo. Huo ni ubora ambao watu huusahau wanapolalamikia muda.

Muda wenyewe ni wa kweli. Chukua kibao cha milimita 600 kwa 300. Kwa biti ya milimita 6, ukisogea asilimia 40 ya upana wake kila mstari, yaani milimita 2.4, biti itatembea karibu mita 75 kwa pito moja. Kwa mwendo wa milimita 2,000 kwa dakika hizo ni dakika 37, na kina cha milimita 6 kwa mapito mawili kinakaribia saa moja na robo. Badilisha biti ya kukombea iwe ya milimita 12, usogeze milimita 6 kila mstari, na uende milimita 3,000 kwa dakika: pito moja ni dakika 10. Biti ndogo ibaki kwa kazi ya kuzunguka herufi tu. Anayekomba uwanja mzima kwa biti ya milimita 3 analipa muda kwa kitu kisichoonekana. Mchongo wa V wa maneno yaleyale huisha kwa dakika chache, kwa kuwa biti hupita kwenye mistari ya herufi tu.

Kona za ndani ndizo zinazotofautisha kazi nzuri na ya haraka. Biti bapa ya milimita 3 huacha mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 1.5 kwenye kila kwapa la herufi, kwa mfano pale mikono ya E inapoungana na mgongo. Kama hati (fonti) yako ina kona kali, maliza kuzunguka herufi kwa biti ya V ya digrii 60. Itapanda kwenye makwapa na kuyafanya makali, na kuta za herufi zitapata mteremko. Mteremko huo hupakika vizuri kuliko ukuta wa wima, ambao rangi huuteremkia na kujikusanya chini.

Uwanja wenyewe si lazima uwe bapa. Ukitumia biti ya kichwa cha mviringo ya milimita 12 na kusogea milimita 6 kila mstari, unapata mifereji yenye matuta ya kama milimita 0.8. Mifereji hiyo huficha alama za biti na za brashi, na hufanya herufi laini zionekane zaidi. Kwa uwanja mpana wa rangi moja nyeusi, mpambo huu unafaa kuliko kuhangaika na msasa kwenye sakafu iliyojaa herufi.

Mpaka wa njia hii ni udogo. Mstari wa herufi ukiwa chini ya milimita 4, hasa ukikatiza nyuzi za mbao, huvunjika biti inapopita. Nafasi kati ya herufi nayo haiwezi kuwa ndogo kuliko biti unayotumia kuizungukia. Urefu wa chini wa kustahimilika ni milimita 30 hivi. Herufi za kuzama huweza kushuka hadi milimita 12 kwenye mbao yenye nyuzi za karibukaribu.

Upakaji: hapa ndipo uamuzi ulipo

Herufi za kuinuka ni rahisi kuzipaka kuliko zote. Paka ubao wote rangi ya uwanja, pamoja na kuta za herufi, tabaka mbili. Ikikauka, chukua rola fupi ya sponji ngumu, ipakue karibu yote kwenye trei, kisha ipitishe juu ya herufi bila kuikandamiza. Tabaka tatu nyembamba ni bora kuliko moja nzito, maana rola iliyolowa humwaga rangi ukingoni. Ukitaka vichwa vya herufi vibaki mbao tupu, pitisha msasa wa 120 uliogundishwa kwenye kipande bapa cha mbao, umalizie na wa 180. Msasa wa mkononi bila kipande huzungusha kingo.

Herufi za kuzama zina njia mbili, na zinatofautiana sana.

Ya kwanza ni kuchonga, kupaka ndani bila kujali kinachomwagika nje, kisha kusafisha uso kwa msasa au randa ya umeme. Inafaa pale uso utakapobaki na sura ya mbao. Ila kila unachoondoa juu hupunguza herufi. Ukiondoa milimita 0.4 kwenye mchongo wa digrii 90, kila mstari hupungua milimita 0.8. Mstari wa milimita 20 hautajali, lakini mkia mwembamba wa milimita 1.5 utabaki 0.7, na ukipitisha msasa zaidi hautabaki. Kwa hiyo nenepesha mistari myembamba kwenye mchoro kabla ya kuchonga, au tumia digrii 60, ambayo hupoteza kama 0.46 tu kwa kina hichohicho. Tatizo la pili ni rangi kukimbia ndani ya nyuzi, hasa kwenye ncha za nyuzi: msasa huondoa ya juu, na iliyopenya milimita mbili pembeni hubaki kama doa. Kinga yake ni tabaka mbili za shelaki au sila ya mbao (vimiminika vya kuziba vinyweleo) ndani ya mchongo na juu ya uso kabla ya rangi yoyote.

Ya pili ni stika ya kuziba. Uso hupakwa kwanza na kukauka, stika hubandikwa juu yake yote, mashine hukata stika na mbao kwa pamoja, rangi huingia kwenye mchongo, na stika hutolewa. Oramask 813 ni mojawapo ya stika zinazotengenezwa kwa kazi ya kuziba rangi. Njia hii ndiyo pekee inayofaa kwa uso wenye rangi na herufi za rangi nyingine bila kugusa chochote kwa msasa, na ndiyo yenye hatua nyingi zaidi za kuharibu:

1. Lainisha uso kwa msasa wa 180 hadi 220 na upake angalau tabaka mbili. Stika haishiki kwenye mbao tupu yenye vinyweleo.
2. Acha rangi ya maji angalau saa 24, na ya mafuta siku tatu au zaidi. Rangi iliyokauka juu tu hubanduka na stika, hata ikiwa haiachi alama kidoleni.
3. Bandika stika kutoka katikati kwenda nje kwa kibandikio cha plastiki, kisha ukandamize kwa rola ngumu.
4. Pima sifuri ya Z juu ya stika, siyo kabla ya kuibandika.
5. Chonga kwa biti kali. Biti butu huivuta stika badala ya kuikata, na visiwa vidogo vya ndani ya A, e na R hung'oka kwanza.
6. Safisha vumbi kwa brashi laini na kivuta vumbi. Hewa ya kompresa huinua kingo za stika.
7. Pulizia vanishi isiyo na rangi ndani ya mchongo kabla ya rangi. Kama kuna mwanya chini ya stika, vanishi ndiyo itakayoingia na kuuziba, na haitaonekana.
8. Paka tabaka mbili au tatu nyembamba. Brashi iliyojaa hujaza bonde la V na kufuta ukali wake; rangi ya kupulizia ni salama zaidi.
9. Toa stika rangi ya mwisho ikiwa imeshika lakini bado laini, ukiikunja na kuivuta nyuma juu yake yenyewe. Ukisubiri ikakamaa kabisa, utando wa rangi uliounganisha stika na mchongo hupasuka ukingoni.

Mwenye subira ya kusubiri siku hizo tatu kwenye hatua ya pili hupata kingo ambazo mkono hauwezi kuzipaka. Asiye nayo achague herufi za kuinuka.

Mbao ipi inavumilia njia ipi

MDF (ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) hukatika kwa usafi kwa sababu haina nyuzi za mwelekeo mmoja, na haihitaji kusawazishwa sana. Lakini ngozi yake ya juu ni ngumu kuliko moyo wake, kwa hiyo ndani ya mchongo hunywa rangi na kuota manyoya. Paka shelaki au sila, pitisha msasa wa 240, rudia, ndipo upake rangi. Isiwekwe nje: maji yakipata mwanya mmoja huvimba na hairudi. Plaiwudi huonyesha matabaka kwenye kila mteremko wa V, na mianya ya ndani hufunguka bila kutarajiwa; inavumilika kwa herufi za kuinuka zilizopakwa zote.

Msonobari ni laini lakini una mistari migumu na milaini inayopishana. Biti hutoa manyoya kwenye milaini, na vifundo huvujisha utomvu unaotokeza madoa ya njano juu ya rangi nyeupe. Vifundo vipakwe shelaki kabla ya praima (rangi ya msingi). Kwa herufi ndogo za kuzama, mkangazi hufanya vizuri zaidi: kingo za herufi hubaki. Mtiki na mvule hudumu nje kuliko zote hizi, ila huwa na chembe za madini zinazomaliza makali ya biti, kwa hiyo tumia biti za kabidi (ngumu kuliko za chuma cha kawaida) na uwe tayari kuzibadilisha mapema. Mtiki una mafuta. Ufute kwa asetoni na uupake praima mara inapokauka, la sivyo rangi itakuja kubanduka kwa vipande. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua, na la MDF ni laini mno. Barakoa ya vumbi ya daraja la P2 au N95 na kivuta vumbi si hiari.

Mbao yoyote iwe imekauka hadi unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Hili ni muhimu zaidi kwa herufi za kuinuka, kwa sababu kukomba milimita 6 upande mmoja hufungua moyo wa ubao, na kama bado una unyevu utakauka na kujikunja. Anza na ubao wa milimita 25 au zaidi, acha ukingo ambao haujakombwa kuuzunguka, na usiuache siku nyingi kati ya kuchonga na kupaka.

Mipangilio ya kuanzia

Mwendo wa kukata hutokana na mizunguko ya spindo (mota inayozungusha biti) kwa dakika mara idadi ya meno mara unene wa kipande kinachokatwa na kila jino. Mizunguko 18,000, meno mawili na milimita 0.1 hutoa milimita 3,600 kwa dakika, ambazo zinafaa mashine nzito. Kwa mashine ndogo ya mezani shusha unene huo hadi 0.05, upate 1,800. Ukiona mbao inaungua, usipunguze mwendo. Ongeza mwendo au punguza mizunguko, kwa maana moshi hutokana na biti kusugua badala ya kukata. Kina cha pito kwa biti bapa kiwe nusu ya kipenyo chake kwenye mbao ngumu.

Biti bapa inayosukuma maranda chini huacha ukingo safi wa juu, kwa hiyo ndiyo ya kuzungukia herufi. Inayoyavuta juu husafisha uwanja haraka lakini hurarua nyuzi za uso. Zote mbili zina kazi kwenye kibao kimoja.

Nje na mvua

Herufi za kuinuka hushika maji juu ya kila mkono wa mlalo: E, T, na vitako vya hati za zamani. Kuta zenye mteremko husaidia, na za wima hazisaidii. Mabonde ya V humwaga maji vizuri zaidi, isipokuwa yale ya mlalo yenye kina kirefu. Kwa njia zote mbili, ncha za ubao zinywe sila mpaka zikatae, na mgongo wa kibao upakwe tabaka sawa na uso. Mgongo mtupu hunywa unyevu peke yake na kuukunja ubao hata kama mbele pamepakwa vizuri.

Kibao kipachikwe kikiwa na mwanya wa kama milimita 10 nyuma yake, kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu. Matundu ya upande mmoja yawe marefu, kufuata upana wa ubao, ili mbao ipate kutanuka na kusinyaa. Skrubu za chuma cha kawaida kwenye mwaloni au mwerezi huacha michirizi myeusi ambayo rangi mpya haiizuii kurudi.

Ukubwa wa herufi upimwe kwa umbali wa msomaji: milimita 25 za urefu kwa kila mita 3 hivi, ili isomeke bila kukaza macho. Kibao cha kusomwa kutoka mita 12 kinahitaji herufi za milimita 100, ambazo mistari yake huwa ya milimita 17 hadi 20. Kwa ukubwa huo, na uso wa rangi, kuinuka ndiko chaguo letu bila kusita. Kwa jina la mlangoni la milimita 30 kwenye mbao inayopendeza kwa vanishi tupu, chukua V ya digrii 60 na njia ya msasa. Kwa nembo yenye mikia myembamba juu ya uso wa rangi, ni V na stika. Kibao kitakachohitaji kupakwa upya kila baada ya miaka michache kiwe cha kuinuka kwa vyovyote vile, kwa sababu yeyote mwenye rola anaweza kuzirudishia herufi rangi pale pale ukutani, bila mashine na bila kukishusha.